Bushi Ndogo Kati ya Wawili

(Mazungumzo ya redio. Somo: Waraka wa Paulo kwa Filemoni)

  Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda hamkutazamia kulisikia katika kipindi kama hiki, yaani kazi ya kufufua pikipiki ya zamani ambayo vipuri vyake havipatikani tena madukani. Tuvumilieni kidogo. Kazi hiyo ina mafundisho yake, na mwisho wake itatufikisha kwenye waraka mmoja mfupi wa Agano Jipya.

Sisi tunaokaa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tunaijua kutu kuliko watu wengi. Rasi yetu imeingia baharini, na upande wa nchi kavu kuna mikoko na mashamba ya chumvi yanayoendelea kuelekea Gongoni na Kurawa. Upepo ukivuma, chumvi huingia hata kabatini. Kwa hiyo mtu akikuta pikipiki ya zamani imeegeshwa chini ya banda la makuti, neno la kwanza analosema ni kwamba hicho ni chuma chakavu, kiuzwe kwa kilo. Na mara nyingi huuzwa kwa kilo.

Lakini tuna ushahidi mwingine mbele ya macho yetu. Tazameni baharini. Wakati wa miaka ya 1960 Waitaliano walisimamisha mbele ya kijiji chetu majukwaa ya chuma, nayo yakaitwa San Marco na Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi iliruka kutoka San Marco ikiwa imebeba setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, ikarushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza nyota, na kwa heshima ya siku ile ikapewa jina la Uhuru. Roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988. Mambo hayo wazee wetu wanayasimulia hata leo. Lakini si wengi wanaojua kwamba Santa Rita halikujengwa kwa ajili ya roketi. Lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta chini ya bahari. Halikukatwa vipande likauzwa. Lilirekebishwa, likapewa kazi ya pili ya kuongozea roketi zile. Basi mtu wa Ngomeni hawezi kusema kwamba kitu kilichomaliza kazi yake ya kwanza hakina kazi tena.

Sasa tuje kwenye pikipiki. Kabla ya uhuru pikipiki za Kiingereza zilikuwa zikipita katika barabara za Kenya, na mojawapo ya kampuni zilizozitengeneza ilikuwa BSA ya mji wa Birmingham. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki, na alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Mwaka 1948 BSA ilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa Bantam, yenye injini ya sentimita za ujazo 123.

Sikilizeni ajabu yake. Injini hiyo haikubuniwa na Waingereza. Ilitoka Ujerumani, katika kiwanda cha DKW, nayo ilikuwa kazi ya mhandisi Hermann Weber. Ujerumani iliposhindwa vitani mwaka 1945, washindi waliichukua michoro yake kama fidia. Waingereza wakaigeuza, kushoto ikawa kulia kama mtu ajionavyo katika kioo, ili gia ikae upande waliouzoea. Warusi wakatengeneza ya kwao. Wamarekani wa Harley-Davidson wakatengeneza ya kwao. Nao Wajapani wa Yamaha, walipotoa pikipiki yao ya kwanza kabisa mwaka 1955, walifuata mfano ule ule. Weber mwenyewe alipelekwa Urusi baada ya vita, akafa huko ugenini. Mataifa yaliyokuwa yakiuana yakawa yanaendesha injini ya mtu mmoja, kila moja likiiita kwa jina lake.

Tuseme basi kwamba mzee mmoja ameaga dunia, na katika banda lake imebaki Bantam ya namna hiyo. Wajukuu wanataka kuifufua kwa ajili ya ukumbusho wa babu yao. Waende wapi? Bantam iliachwa kutengenezwa mwaka 1971, na muda mfupi baadaye kampuni yenyewe ikaanguka. Huko Uingereza wako watu wanaotengeneza vipuri vyake hata leo, lakini kuna bei, kuna ushuru, na kuna kungoja. Katika maduka ya Malindi wataona vipuri vya pikipiki za Kichina na za Kihindi, zile zilizojaa nchini tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008. Nyingi za Kichina zinafuata injini ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, iliyoundwa iwavumilie watu wasiobadilisha mafuta kwa wakati. Ni vipuri vizuri kwa kazi yake, lakini havikufanywa kwa ajili ya Bantam. Hapa ndipo fundi mwema anapotofautiana na fundi wa haraka.

Tofauti ya kwanza iko katika bolti. Pikipiki za Kiingereza za zamani zilifungwa kwa bolti za inchi. Bolti ya robo inchi ina unene wa milimita 6.35, na ya leo iliyo karibu nayo ina milimita 6. Ukizishika mkononi utadhani ni mapacha. Bolti ya leo itaingia katika tundu la zamani, tena kwa urahisi, wala haitalalamika. Lakini imeshika kwa ncha za meno tu. Injini ikianza kutetema, meno yatalika. Na angalieni, hasara haitakuwa ya bolti ile ya shilingi chache. Meno ya tundu ndiyo yatakayokatika, ndani ya mwili wa injini ambao haupatikani tena. Kwa hiyo fundi mwema hasemi, "Imeingia." Yeye huuliza, "Imekaa?" Huchukua kipimo kwanza, na spana baadaye.

Tofauti ya pili iko katika ringi za pistoni. Silinda ya Bantam ina kipenyo cha milimita 52. Ukipata ringi ya pikipiki nyingine yenye kipenyo hicho, kazi bado haijaisha. Fundi huitia ndani ya silinda tupu, huisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha hupima mwanya ulio kati ya ncha zake mbili. Kwa silinda ya ukubwa huo mwanya huwa karibu sehemu mbili za kumi za milimita, kama unene wa karatasi mbili. Mwanya ukizidi sana, nguvu ya injini huvuja. Lakini mwanya ukikosekana hatari ni kubwa zaidi, kwa maana ringi ikipata moto hutanuka, ncha zake hugongana, hazina mahali pa kwenda, na injini hukwama ghafla mtu akiwa njiani. Mtu asiyejua atasema kwamba kipuri kilichobana sana ndicho kilichokaa vizuri. Fundi anajua kwamba panapo moto lazima pawe na nafasi.

Tofauti ya tatu ndiyo tuliyoijia leo. Tuseme pistoni imepatikana, lakini pini yake ni nyembamba kuliko tundu la mkono wa injini. Mkono huo umetoka kiwanda kimoja, pini imetoka kingine, wala havikufanywa vijuane. Fundi wa haraka ataifunga pini kwa kipande cha bati, nayo itagonga mpaka ivunje kila kitu. Fundi mwema huenda kwa mwenye mashine ya kukereza. Huko hukerezwa bushi, yaani mwanzi mfupi wa bronzi. Upande wa nje unalingana na tundu la mkono, na upande wa ndani unalingana na pini. Mkono haukatwi, wala pini hailazimishwi. Kila kimoja kinabaki kama kilivyo, lakini sasa vinazunguka pamoja.

Tena bushi hiyo ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, bronzi ni laini kuliko chuma cha pini. Si kasoro hiyo, ni makusudi. Panapo msuguano lazima kitu fulani kilike, na bushi imewekwa pale ili ilike yenyewe, wale wawili wapone. La pili, fundi huitoboa tundu dogo la mafuta. Mtu anaweza kukereza bushi yenye vipimo safi kabisa, lakini akisahau tundu hilo, itakauka, itaungua, na kazi yote itakuwa bure.

Liko swali moja zaidi ambalo vipimo havilijibu, nalo ni hili: kipuri hiki kimetoka wapi? Ndugu zetu wa boda boda wanajua uchungu wa kuamka asubuhi na kukuta pikipiki haipo, nao wanajua kwamba iliyoibwa huweza kukatwa na kuuzwa vipande vipande. Bei nafuu isiyo na stakabadhi huenda ni chakula cha watoto wa mtu mwingine. Fundi mcha Mungu hatatumia pistoni asiyoweza kusema ilikotoka, hata kama inakaa vizuri namna gani. Afadhali pikipiki ya babu ingoje mwaka mwingine.

Sasa, wapendwa, fungueni Waraka kwa Filemoni. Ni waraka mfupi, wenye mlango mmoja tu, na kwa sababu ya ufupi wake wengi wetu huupita. Paulo ni mzee, tena yuko kifungoni. Anamwandikia Filemoni, mtu mwenye nyumba ambamo kanisa lilikuwa likikutana, juu ya mtumwa wake Onesimo, ambaye ameachana na bwana wake na pengine ana deni lake. Jina Onesimo maana yake ni mwenye kufaa, na Paulo analitumia jina hilo kusema kwamba yule aliyeonekana hafai, sasa anawafaa wote wawili.

Sisi wa pwani hii hatuwezi kuusoma waraka huu kwa wepesi. Katika miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Fuladoyo, huko bara, wakaishi pamoja na Wakristo wa Kigiriama. Walijua maana ya kutafutwa ili kurudishwa. Kwa hiyo tuseme wazi kwamba mtu si kipuri, wala hakuna mwanadamu aliyeumbwa ili kujaza tundu katika mashine ya mwenzake. Wala Paulo hamwombi Filemoni amrudishe Onesimo pale alipokuwa. Anaomba apokewe kama ndugu mpendwa, na si kama mtumwa tena. Mahali pa zamani hapamfai tena, panahitaji kukerezwa upya.

Angalieni jinsi Paulo anavyofanya kazi hiyo. Kwanza, halazimishi. Anasema kwamba angekuwa na ujasiri wa kumwamuru Filemoni, lakini kwa ajili ya upendo anamsihi. Alijua kwamba angeweza kupata utii wa juu juu, ulioshika kwa ncha za meno tu. Pili, anaacha nafasi. Angependa kumweka Onesimo kwake amtumikie kifungoni, lakini hakutaka kutenda neno bila shauri la Filemoni, ili wema ule usiwe wa kushurutishwa. Tatu, hafichi alikotoka mtu huyu. Anampeleka wazi, na waraka mkononi, wenye maandishi ya mkono wa Paulo mwenyewe.

Kisha anafika kwenye deni. Hapa Paulo hasemi kwamba deni halipo. Wala hamwambii Filemoni asahau tu, au Onesimo ajitetee mwenyewe. Anasema kwamba kama liko deni, lihesabiwe juu yake yeye, naye atalipa. Ndugu msikilizaji, hiyo ndiyo bushi. Yule mzee aliyefungwa, asiye na mali, anajiweka kati ya wawili ambao hawakai pamoja, akikubali kwamba panapo msuguano yeye ndiye atakayelika. Naye alijifunza hilo kwa Bwana wake, aliyesimama kati ya Mungu na sisi, akachukua deni letu juu ya mti wa msalaba.

Basi tujiulize, Onesimo wetu ni nani? Katika vijiji vyetu, kutoka Ngomeni mpaka Kilifi, wako vijana waliorudi nyumbani kutoka gerezani. Wako walioharibiwa na dawa za kulevya, wakatibiwa, wakarudi. Wako waliomwibia baba nazi, au mjomba mashine ya boti, nao sasa wanataka kuishi tena na watu. Jumapili wanakaa kiti cha nyuma kabisa. Tunawapa mkono mlangoni, kisha kila mtu anaenda kwake. Tumesema, "Ameingia kanisani." Hatujauliza, "Amekaa?" Kijana wa namna hiyo akienda kwa mwenye pikipiki aombe kuendesha boda boda kwa mapatano ya kulipa kila jioni, mwenye pikipiki humtazama na kukumbuka. Tena ana haki ya kukumbuka, kwa kuwa aliibiwa kweli. Maneno ya kwamba Mungu husamehe hayatamrudishia mashine yake ya boti.

Hapo anatakiwa mtu wa tatu. Anatakiwa mzee wa kanisa, au mama mmoja anayeheshimiwa, atakayekwenda pamoja na kijana yule mpaka kwa mwenye pikipiki, aketi, na aseme: "Deni lake la zamani tunalijua, hatulifichi. Hiki hapa cha kuanzia. Na kwa miezi hii mitatu, siku ambayo hataleta hesabu, uje kwangu mimi." Hilo ni jambo zito. Litamgharimu fedha, na huenda likamgharimu jina. Kijana akianguka tena, watu watamcheka aliyemdhamini kuliko watakavyomcheka kijana. Ndiyo maana bushi ni chache. Wengi wetu tungependa kuwa pistoni, tuonekane tukisukuma kazi, au kuwa tangi lililopakwa rangi, ambalo kila apitaye hulisifu. Bushi haionekani kabisa injini ikifungwa.

Wala si kwa vijana tu. Iko nyumba ambamo ndugu wawili hawasemezani tangu baba alipokufa na shamba likagawanywa. Liko kanisa ambamo wazee na waimbaji wa kwaya hawaelewani. Kila upande una vipimo vyake, na kila upande una sababu. Ukijaribu kumkata mmoja ili alingane na mwenzake utamharibu. Ukiwafunga pamoja kwa nguvu siku ya sikukuu, watagongana siku ya pili. Lakini akipatikana mmoja anayewajua wote wawili, awasikilize kila mmoja kwa wakati wake, na kuyachukua maneno makali ya huku bila kuyapeleka kule, polepole nyumba itaanza kuzunguka tena.

Lakini asiende mtu yeyote katika kazi hiyo akiwa mkavu. Kumbukeni tundu la mafuta. Tumewaona wapatanishi wema walioungua, wakawa wakali kuliko wale waliokuwa wakiwapatanisha, kwa sababu walitoa na kutoa wala hawakupokea. Anayesimama kati ya watu anahitaji saa yake ya kukaa kimya mbele za Mungu kila siku. Anahitaji pia ndugu wa kumwombea na kumwuliza hali. Enyi makanisa, mkimtuma mtu kupatanisha, msimwache peke yake huko ndani ya moto.

Kwa hiyo tunawapa kazi ya juma hili. Soma Waraka kwa Filemoni mara moja, kwa sauti, pamoja na watu wa nyumbani mwako. Kisha mtaje mbele za Mungu mtu mmoja ambaye amekosa mahali pa kukaa, na mtu mmoja ambaye hajaweza kumpokea. Usimlaumu yeyote kati yao. Uliza tu ni nini kinachopungua kati yao, ni kipimo gani, na ni gharama gani. Na kama unaweza kuilipa sehemu ya gharama hiyo, nenda kabla jua la Jumamosi halijatua.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hukututupa tulipokuwa hatufai. Utupe subira ya kupima kabla ya kulazimisha, na uaminifu wa kutotumia kilicho cha mwingine. Uwakumbuke waliorudi nyumbani na hawana mahali pa kuketi. Uwakumbuke na wale walioibiwa, ambao ni vigumu kwao kufungua mlango. Uwainue kati yetu watu watakaokubali kuwekwa katikati, nawe uwatie mafuta yako wasikauke. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki, wapendwa, na kuwalinda mpaka tutakapokutana tena.